Nani Huhesabiwa Kuwa Mtu? Kanuni za Asili na Aina za Viumbe katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

1. Utangulizi

Katika michezo yote iliyozaliwa Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, ni michache iliyozaa maandishi mengi kama Dungeons & Dragons. Mchezo huo ulitolewa mwaka wa 1974 na kampuni ya Tactical Studies Rules ya mji wa Lake Geneva, jimboni Wisconsin, ukiwa vijitabu vitatu ndani ya sanduku dogo. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akisema na kutenda kwa niaba ya mhusika mmoja. Msimamizi husimulia ulimwengu unaowazunguka wahusika hao, na dadu huamua yale ambayo maneno peke yake hayawezi kuyaamua. Kwa hiyo ni hadithi inayotungwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, tena chini ya sheria iliyoandikwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kuuangalia kwa makini utanzu wa namna hiyo, ambamo mtambaji hubishana na msikilizaji, na kitabu cha sheria huwasuluhisha.

Sheria hiyo huwapanga viumbe kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni asili: mhusika ni binadamu, au elfi, au dwafu, au haflingi, au orki. Njia ya pili ni aina, nayo ni pana zaidi: kiumbe ni mnyama, au joka, au shetani, au mfu atembeaye, au ni mwenye umbo la mtu. Njia ya kwanza imezua mabishano makali kwa miaka mingi, hata wachapishaji wakalazimika kulibadilisha neno lenyewe. Njia ya pili imepita karibu kimya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba njia ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoamua ni nani aliye mtu mbele ya sheria ya mchezo. Aidha yanakusudia kuonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili hawezi kulikwepa swali hilo, maana sarufi ya lugha yake humuuliza kila anapofungua kinywa.

2. Asili: kutoka kikomo hadi jina

Vijitabu vya mwaka wa 1974 viliwapa wasio binadamu vikomo vya wazi. Dwafu aliweza kuwa mpiganaji tu, wala hakuruhusiwa kupita ngazi ya 6. Haflingi alikoma katika ngazi ya 4. Elfi aliweza kupigana hadi ngazi ya 4 na kufanya uchawi hadi ngazi ya 8. Binadamu hakuwa na kikomo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka wa 1978 kiliendeleza utaratibu huo kwa majedwali marefu zaidi, likiwamo jedwali lililoonyesha ni asili gani ipendayo asili gani na ichukiayo ipi. Kitabu hicho hicho kiliweka kikomo cha nguvu kwa wahusika wa kike, hata binadamu. Katika kitabu cha wasimamizi cha mwaka wa 1979, Gygax alieleza bila kificho kwamba ulimwengu wa mchezo ulipaswa kuwa na binadamu kama kitovu chake, na kwamba vikomo vililinda hali hiyo.

Yafaa kuutenda haki mfumo huo kabla ya kuulaumu. Lengo lake la kwanza lilikuwa mizani ya mchezo: elfi aonaye gizani na asiyelala kwa uchawi wa usingizi angewashinda wote kama asingewekewa mpaka. Lakini mizani hiyo iliandikwa kwa lugha ya kuzaliwa. Mhusika hakuzuiwa kwa sababu hakujifunza. Alizuiwa kwa sababu ya wazazi wake. Wazo la kwamba tabia na uwezo wa kiumbe husomeka katika kundi alimozaliwa lina historia ndefu katika elimu ya Ulaya. Mwaka wa 1758, katika toleo la kumi la Systema Naturae, Linnaeus aliwagawa wanadamu wenyewe katika mafungu ya mabara, akalipa kila fungu rangi yake, hulka yake na namna yake ya kutawaliwa. Hapana haja ya kudai kwamba waandishi wa Wisconsin walikuwa na kitabu hicho mezani. Yatosha kuona kwamba jedwali lao lina umbo lile lile.

Vikomo vya ngazi viliondolewa katika toleo la tatu, mwaka wa 2000, baada ya kampuni ya Wizards of the Coast kuinunua TSR mwaka wa 1997. Nyongeza na punguzo za uwezo kwa kila asili zilibaki. Mwaka wa 2020 kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything kiliwaruhusu wachezaji kuzihamisha nyongeza hizo wapendavyo. Desemba 2022 kampuni ilitangaza kwamba itaacha neno la Kiingereza 'race' na kutumia 'species', na kitabu cha wachezaji cha mwaka wa 2024 kikatimiza ahadi hiyo. Katika kitabu hicho nyongeza za uwezo hazitoki tena katika kuzaliwa, bali katika malezi na kazi ya mhusika kabla ya safari zake. Mchezo jirani wa Pathfinder ulikuwa umekwisha kuchagua neno lenye maana ya nasaba, katika toleo lake la pili la mwaka wa 2019.

Mabadiliko hayo ni ya kweli, wala si ya jina tu: kuuondoa uwezo katika damu na kuutia katika malezi ni kugeuza nadharia nzima ya mhusika. Hata hivyo neno jipya lina kasoro yake. Lile la zamani lilikuwa na uchafu wa siasa, lakini liliacha nafasi ya kusema kwamba wote ni ndugu. Lile la sasa limetoka katika maabara, nalo hudokeza kwamba hakuna undugu wa mwili kati ya elfi na binadamu. Yule aliyezaliwa na wote wawili atawekwa wapi?

3. Damu na chotara

Toleo la tatu lililijibu swali hilo kwa kanuni fupi yenye jina la damu. Kwa kila athari inayohusu asili, nusu-elfi alihesabiwa kuwa elfi. Nusu-orki naye alihesabiwa kuwa orki. Silaha iliyofuliwa kuwaua orki ilimwua na yeye, hata kama alilelewa kijijini kwa mama yake binadamu na hakuwahi kumwona orki mwingine. Wafasiri wengi wa kanuni walilichukua jambo hilo kama urahisi wa hesabu. Lakini mchezo huu ni wa Marekani, na Marekani ilikwisha kuwa na kanuni ya namna hiyo katika vitabu vya sheria vya kweli. Sheria ya Virginia ya mwaka wa 1924 ilimhesabu kuwa mweupe yule tu asiye na chembe ya damu nyingine, ikiacha mwanya mdogo kwa wenye nasaba ya mbali ya Wahindi Wekundu. Marufuku yake ya ndoa ilidumu hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoitangua mwaka wa 1967, miaka 7 tu kabla ya vijitabu vya kwanza vya mchezo.

Msomaji wa Kongo hahitaji kwenda hadi Virginia ili auelewe uzito wa kanuni kama hiyo. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, watoto wa baba Wazungu na mama Waafrika walinyang'anywa mama zao na kupelekwa misioni, kwa kuwa walihesabiwa nusu. Waziri Mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi kwa jambo hilo Aprili 2019, na Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano, kwamba tendo hilo lilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Mchezo si ukoloni, na kuvifananisha kabisa kungekuwa dhihaka kwa wanawake hao. Ila vyote viwili huonyesha jambo moja: neno 'nusu' likiingia katika sheria, mara nyingi halimpi mtu pande mbili, humnyang'anya mmoja.

Kitabu cha mwaka wa 2024 kina asili kumi, orki wakiwamo kwa heshima kamili. Nusu-elfi na nusu-orki hawamo. Kanuni ya damu imeondoka, lakini imeondoka pamoja na chotara mwenyewe. Kufuta mstari si sawa na kuusahihisha.

4. Aina: nani aweza kushikwa

Tangu mwanzo mchezo huu una uchawi uitwao Kumpumbaza Mtu, na mwingine uitwao Kumshika Mtu. Jina lenyewe lalazimisha swali: mtu ni nani? Majibu yaliyotolewa katika nusu karne yanastahili kupangwa kwa mfuatano.

Mwaka wa 1974 jibu lilikuwa maelezo ya mwili. Mtu alikuwa kiumbe wa miguu miwili, kwa jumla wa jamii ya wanyonyeshao, mwenye kimo cha binadamu au pungufu, asiye miongoni mwa wafu watembeao. Orki, goblini na koboldi walitajwa waziwazi kuwa wamo. Mwaka wa 1978 jibu lilikuwa orodha: binadamu, elfi, dwafu, goblini, orki, watu-mijusi na wengineo, wote katika safu moja. Mwaka wa 2000 jibu likawa aina. Aliye na aina ya umbo la mtu hushikwa. Asiye nayo hashikwi. Ogri, kwa mfano, anasema, anavaa na kupika, lakini aina yake ni jitu, basi si mtu kwa maana ya uchawi huo. Mtawa mpiganaji aliyefika ngazi ya 20 katika toleo hilo alipata ukamilifu, akabadilika aina, akawa miongoni mwa viumbe wa nje ya dunia hii. Yaani aliyejikamilisha kuliko wote ndiye aliyeacha kuwa mtu.

Toleo la mwaka wa 2014 lina aina 14 na halikubadilisha msingi huo. Jambo jipya lilikuja na kitabu cha viumbe, Monster Manual, cha mwaka wa 2025. Humo goblini amehamishwa kutoka aina ya wenye umbo la mtu hadi aina ya viumbe wa ulimwengu wa kichimbakazi. Gnoli, mwenye kichwa cha fisi, amewekwa miongoni mwa mashetani. Koboldi amewekwa miongoni mwa majoka. Uchawi wa Kumshika Mtu hauwapati tena. Goblini hakupoteza lugha yake, wala silaha zake, wala akili yake. Alichopoteza ni neno moja katika mstari wa juu wa maelezo yake.

Kwa nini alihamishwa? Hapana haja ya kukisia nia za wachapishaji. Yatosha kuutazama mfuatano wenyewe. Kwa miaka mingi wakosoaji walilalamika kwamba si haki kwa mchezo kuwachora watu wenye lugha, watoto na vijiji kama kundi la kuuawa pasipo maswali. Lalamiko hilo lina majibu mawili. Jibu la kwanza ni kuacha kuwaua pasipo maswali. Jibu la pili ni kuacha kuwaita watu. Orki amepata jibu la kwanza, kwani sasa ni mmoja wa asili kumi za wachezaji. Gnoli amepata la pili. Goblini amegawanywa: katika kitabu cha mwaka wa 2022 kinachowahusu wahusika wa wachezaji, yeye ni mwenye umbo la mtu, katika kitabu cha viumbe cha mwaka wa 2025, si mwenye umbo hilo. Vitabu hivyo viwili vikiwekwa kando kwa kando mezani, ndugu wawili wa tumbo moja watakuwa aina mbili. Aliyepata mchezaji wa kusema kwa niaba yake ni mtu. Aliyebaki mikononi mwa msimamizi si mtu.

5. Sarufi kama shahidi

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, si kama pambo bali kama shahidi. Kiingereza chaweza kumtaja goblini kwa sentensi nyingi pasipo kuamua kama ni mtu. Kiswahili hakiwezi. Kitenzi cha kwanza tu kinadai kiambishi: goblini amekuja, au goblini limekuja?

Wazo la kutafuta falsafa ndani ya ngeli si geni katika nchi hii na jirani zake. Placide Tempels alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1945. Mwaka wa 1956 Alexis Kagame wa Rwanda alizichukua ngeli za Kinyarwanda na kutoa ndani yake makundi manne ya vilivyopo, kundi la kwanza likiwa la muntu, aliyepo mwenye akili. Wakosoaji kama Paulin Hountondji walionya kwamba sarufi ya watu si falsafa yao. Onyo hilo ni la haki, na Kiswahili chenyewe kinalithibitisha: ng'ombe amekufa, samaki ameoza, mbu ameuma. Upatanisho wa A-WA humpokea kila kiumbe mwenye uhai, akili awe nayo au asiwe nayo. Wanaotaka kuthibitisha kwamba mtu na mnyama ni daraja mbili hawatapata msaada humo.

Lakini sarufi hiyo hiyo husema jambo jingine, nalo ni muhimu zaidi kwa suala hili. Kuna viumbe ambao msemaji huwanyima upatanisho wa A-WA kwa makusudi. Methali yasema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi hilo lina uhai, lina akili, tena lina ujuzi wa jirani zake. Hata hivyo limepewa li-. Jitu nalo likaja, likasema, likala watu. Kinyume chake, kipofu na kiziwi wana kiambishi cha vitu, lakini msemaji mwenye adabu husema kipofu huyu amefika. Akisema kipofu hiki kimefika, ametukana. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, mtoto akiitwa katoto, kiambishi chaweza kubeba mapenzi au dharau kwa kadiri ya sauti ya msemaji. Yaani kiambishi hakitoi habari ya mwili wa kiumbe. Kinatoa habari ya msimamo wa msemaji mbele yake.

Hiyo ndiyo nuru ambayo Kiswahili hutupa juu ya kanuni za aina. Mstari wa juu wa maelezo ya goblini hujifanya kuwa habari ya maumbile, kumbe ni upatanisho wa kisarufi: watungaji wamechagua kumsemea kwa a- au kwa li-.

6. Njia ya kuzifasiri kanuni

Kutokana na hayo, kanuni mbili za ufasiri zafaa kupendekezwa, moja kwa msimamizi na nyingine kwa mtarijumani.

Ya kwanza ni kwamba aina isomwe kwa ufinyu. Kitabu cha wachezaji cha mwaka wa 2024 chenyewe kinakiri kwamba aina za viumbe hazina kanuni ndani yake. Ni kanuni nyingine zinazozitaja. Basi aina ieleze ni uchawi gani unaompata kiumbe, na ikomee hapo. Isitumiwe kuamua kama kiumbe aweza kusema ukweli, kujisalimisha au kutubu. Wanaodai kwamba uovu ni sehemu ya maumbile ya orki katika vitabu vya zamani hawakuvisoma vizuri hata vitabu hivyo. Toleo la tatu lilipima mwelekeo wa viumbe kwa maneno matatu: daima, kwa kawaida na mara nyingi. Orki waliandikiwa 'mara nyingi', na kitabu kilieleza kwamba neno hilo maana yake ni 40 hadi 50 katika kila 100. Kwa herufi ya sheria, basi, angalau nusu ya orki hawakuwa na mwelekeo huo. Mchezaji aliyepiga pasipo kuuliza alikuwa akienda kinyume cha kitabu alichokitegemea.

Ya pili yahusu maneno. Vitabu hivi vikifasiriwa kwa Kiswahili, 'race' isiitwe kabila, kwa kuwa kabila ni neno la watu walio hai, na wasomaji wa eneo la Maziwa Makuu wanajua gharama ya kuandika kabila kwenye karatasi na kulifanya kuwa maumbile. Asili lafaa zaidi: hutaja chimbuko pasipo kutabiri mwenendo. 'Humanoid' isiitwe mtu, bali mwenye umbo la mtu, ili msomaji akumbuke kwamba hilo ni umbo tu. Utu ni neno jingine. Mtu huzaliwa nao ukiwa mdogo, huukuza au huupoteza kwa matendo yake, na hakuna jedwali linaloweza kuugawa.

Tahadhari kubwa kuliko zote yahusu dwafu. Kamusi itamshauri mtarijumani kuandika mbilikimo. Neno hilo ndilo waandishi wengi walilolitumia kwa Wambuti wa msitu wa Ituri na jamaa zao, raia wa Kongo, ambao kwa muda mrefu wamewekwa na wageni na hata na majirani katika mstari ulio kati ya mtu na kiumbe. Kumweka mbilikimo katika kitabu cha viumbe, kando ya koboldi na gnoli, ni kulirudia kosa hilo kwa jina la burudani. Neno geni dwafu halina uzuri, lakini halimdhuru jirani. Na wote wasemao, awe elfi au goblini, wapatanishwe kwa a- na wa-. Msimamizi atakayetaka kusema goblini limekuja na aseme hivyo akijua kwamba ametoa hukumu kabla dadu halijatupwa.

7. Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni mzigo mzito mno kwa mchezo. Wana sehemu ya haki. Mchezo unahitaji mafungu ili uende mbio, na mafungu 14 si mengi kwa ulimwengu uliojaa majoka. Tena hakuna goblini wa kweli aliyedhulumiwa na mstari wowote. Lakini hadithi ni mahali ambapo watu hujizoeza kuhukumu. Watambaji wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana waliliruhusu zimwi liseme. Mchezo ambao umetumia nusu karne kuuliza nani aweza kushikwa kwa uchawi wa Kumshika Mtu umekuwa, pengine pasipo kukusudia, zoezi la kuamua nani ni mtu. Kubadilisha jina la asili kulikuwa hatua njema. Kumhamisha goblini ili swali lisiulizwe si hatua. Ni kulifunga jalada kabla ya kesi kusikilizwa. Kazi iliyobaki ni ya wale waliokaa mezani, na huanza kwa kiambishi kimoja tu.